Mlio Mmoja, Mzima

Simu kumi na moja ziliita juu ya meza yangu mchana kweupe. Moja baada ya nyingine. Kila moja mlio mmoja tu, halafu kimya.

Ya kumi na mbili ilikuwa yangu, mfukoni mwa shati. Nayo ikalia mara moja, ikakata.

Nikakaa chini. Sikuangalia pa kukaa. Nilikalia ndoo yenye maji.

Mahona, jamaa wa mkokoteni wa vocha, alicheka mpaka akakohoa. "Masunga! Uzee umekupitia leo, au unaoga na suruali?"

Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho mpaka leo natamani ningezikwa bila kukielewa.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi nachaji simu, senta ya Nkololo, hapa Bariadi. Umeme upo senta, vitongojini bado. Watu wanaacha simu asubuhi wakija kusaga, wanazipitia jioni. Nina ubao wenye chaja kumi na nne. Shule niliishia darasa la nne, wala sioni aibu. Lakini simu nazijua. Mlio wa kila mteja naujua kama mchungaji anavyojua kengele ya ng'ombe wake.

Nina binti mmoja tu, Milembe. Kwetu Wasukuma jina hilo ni amani, ni uzima. Alizaliwa mwaka wa njaa, hakufa, nikampa hilo.

Sasa, kwenye familia yangu kubipu ilikuwa lugha kamili. Milembe akiwa mdogo alikuwa nyumbani na simu ya mama yake, ambayo baadaye ilikufa, mimi niko senta. Mlio mmoja, ugali tayari. Miwili, njoo mbio, ng'ombe wameingia shamba la mtu. Hatukuwahi kukosea. Ikilia miwili nilikuwa naacha wateja na simu zao mezani, natoka nduki.

Mwezi wa pili mwaka jana Milembe akapata kazi za ndani Omani. Aliyempeleka ni wakala mmoja, Sadick, ana kachumba ka ofisi Bariadi mjini. Shati limepigwa pasi, maneno yamepigwa pasi zaidi.

Siku ya safari tukasimama stendi, mimi na mtoto, mama yake analia pembeni.

"Baba, Sadick amesema huko simu hawaturuhusu."

"Sasa nitajuaje kama uko hai?"

"Nitaazima ya mtu yeyote. Namba zitakuwa zinabadilika, usishangae. Sitaongea, nitabipu tu."

"Kama siku zote?"

"Kama siku zote. Mmoja, mzima. Miwili nina shida, nenda kwa Sadick ukamkabe."

"Nimkabe shingo?"

"Shingo, baba."

Akacheka. Akapanda basi. Ndiyo mara ya mwisho kumuona meno.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, simu yangu ikalia mlio mmoja. Nikaitoa. Namba ya nje, ina alama ya kujumlisha mbele na tarakimu ambazo si zetu.

Nilikimbia nyumbani kama mwendawazimu.

"Mama Milembe! Amebipu!"

"Mingapi?"

"Mmoja!"

Klementina akaweka mwiko chini. Kuna kalenda mlangoni kwetu, ina kalamu imefungwa kwa uzi. Akachora kijiti kimoja kwenye Ijumaa ile. Halafu akapiga vigelegele peke yake, jirani wakadhani tumepata mahari.

Tangu hapo ikawa hivyo. Wiki haipiti. Wakati mwingine mara mbili kwa wiki, asubuhi na siku nyingine jioni. Namba tofauti tofauti, zote za nje. Mlio mmoja. Kijiti kimoja.

Watu njiani wananisalimia, "Mwadila, baba Milembe. Mtoto?"

"Mzima. Amebipu jana."

Nilikuwa nasema kwa maringo, kama mtu anayesema pamba yangu imepanda bei.

Mwezi wa saba, katikati ya msimu wa pamba, likaja gari lenye spika mnadani. Kashuka dada mmoja, anaitwa Goodness, anafundisha watu namna ya kujilinda na matapeli wa simu kutoka nje ya nchi. Mdogo kwa umri, lakini anaongea bila woga mbele ya wauza ng'ombe, na wale si watu wa kusikiliza hovyo.

"Wanakubipu mara moja," akasema. "Wewe kwa heshima zako unaona mtu amekubipu, unapiga. Kumbe namba hiyo dakika moja inakunywa salio lote. Nani hapa ameshaliwa?"

Mahona akanyoosha mkono.

"Ulisikia nini, baba?"

"Muziki, mayu, mama yangu. Kinanda. Nikadhani nitaunganishwa na mtu. Nikasubiri mpaka vocha ikaisha."

Mnada mzima ulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote. "Mahona umelipia disko!" nikamwambia. Jina likamganda. Mpaka wanawe wakawa wanaitwa watoto wa Disko.

Goodness akaendelea. "Wakiona hupigi, wanarudia haraka mara ya pili, ili uone ni jambo la dharura. Msiingie mtego huo. Namba ya nje huijui, usipige. Izuie."

Kuwa mara ya pili ni mtego, hilo nililikamata vizuri. Shika hapo, tutarudi.

Baada ya mkutano nikamfuata. Nikamweleza habari za Milembe.

"Mzee, mwambie apige muongee. Bipu usiitegemee."

"Simu haruhusiwi, mwanangu. Anaiba dakika."

"Basi angalia tarakimu za mwanzo. Kila nchi ina zake. Hakikisha ni za nchi aliyopo. Unajua kuziangalia?"

Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu sita, wateja wangu wote. Fundi wa simu aseme hajui kusoma namba ya simu?

"Najua," nikasema.

Sikujua.

Akanipa namba yake, fulana yenye maandishi mgongoni na karatasi kubwa ya kubandika dukani: NAMBA YA NJE HUIJUI? USIPIGE. Nikabandika juu ya ubao wa chaja. Nikawa mwalimu. Mtu akija kuchukua simu namuuliza kwanza, "Kuna namba ya nje? Usipige. Leta nikuzuilie." Wazee walinishukuru. "Wabeja, Masunga, wabeja."

Na mimi mwenyewe sikuliwa hata senti. Mlio mmoja kwangu ulikuwa na maana ya mzima, na mtu mzima hapigiwi. Sikupiga hata mara moja. Ndiyo maana sikugundua kitu.

Tarehe kumi na sita mwezi wa nane ilikuwa Jumamosi. Asubuhi, saa mbili, mlio mmoja. Nikamtumia mtu ampelekee Klementina habari. Kijiti.

Saa saba mchana niko dukani, nimezungukwa na watu. Nawafundisha namna ya kuzuia namba. Nyanjige, bibi mmoja mjane, alikuwa mbele kabisa, ameshika simu yake kama mtu aliyeshika yai.

Simu yangu ikalia. Mlio. Ikakata.

Ikalia tena. Mlio. Ikakata.

Namba ya nje.

Nakwambia ukweli, moyo uliruka. Miguu ilishaanza kusimama. Mwili ulikumbuka ng'ombe shambani.

Halafu kichwa kikaingilia. Kikasema, Masunga, Milembe amebipu leo leo asubuhi. Mmoja. Mzima. Na Goodness alisema wakiona hupigi wanarudia mara ya pili.

"Mnaona?" nikawaambia watu. "Hawa ndio wenyewe. Wanataka nishtuke. Sasa tazameni."

Nikaizuia namba ile mbele ya macho ya watu wote. Polepole, ili Nyanjige aone ninapobonyeza.

Wakapiga makofi.

Jioni Klementina aliniuliza. Kuna mtoto wa jirani alikuwa dukani, amemwambia simu ililia mara mbili.

"Baba Milembe, mbona miwili?"

"Wezi hao. Milembe ni yule wa asubuhi."

"Una uhakika?"

"Mama Milembe, kazi ya simu ni yangu au yako?"

Akaenda kwenye kalenda.

Sasa turudi kwenye ile ndoo.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Simu kumi na moja za wateja, na yangu ya kumi na mbili, zimelia kwa zamu kama watoto wanaoitwa majina shuleni. Mahona anacheka. Mimi nimelowa.

Nikainuka, nikachukua simu ya Nyanjige. Namba ya nje. Nikachukua ya Mahona. Namba ile ile. Nikachukua yangu.

Namba ile ile.

Ile iliyokuwa mzima wangu.

Nikafungua orodha ya nyuma kwenye simu ya Nyanjige. Ijumaa iliyopita, simu isiyopokelewa. Jumanne, simu isiyopokelewa. Nikalinganisha na yangu. Siku zile zile, zimepishana dakika moja au mbili. Kila mlio niliokuwa nakimbia nao nyumbani, bibi Nyanjige alikuwa nao pia, na yeye hana mtu hata Mwanza, achilia mbali Omani.

Nikampigia Goodness. Nikamsomea namba moja moja.

"Hiyo ni kisiwa fulani, mzee, katikati ya bahari huko. Hiyo nyingine ni nchi nyingine kabisa. Hapo hakuna mtu anayepiga. Ni mashine, inabipu maelfu ya watu kwa pamoja."

"Zote?"

"Zote hizo ulizosoma. Kwani huna nyingine?"

Nikakumbuka. Kwenye orodha ya niliowazuia kulikuwa na moja tu. Zile za mlio mmoja nisingeweza kuzizuia, zilikuwa za mwanangu. Kwenye simu yangu, maishani nimezuia namba moja.

Nikaisoma. "Tisa, sita, nane..."

"Hiyo ndiyo Omani, mzee," akasema Goodness. Sauti yake ilichangamka. "Hiyo ni ya nani?"

Nilikata simu.

Nilinunua vocha zote za Mahona, za duka la pili, mpaka za muuza nyama. Nikaifungua ile namba. Nikapiga.

Ikaita muda mrefu. Akapokea mwanamke.

"Haloo? Nani?"

Kiswahili! Kiswahili cha Kenya, lakini Kiswahili.

"Naitwa Masunga. Niko Tanzania. Namtafuta mtoto wangu, Milembe."

Nikadhani amekata.

"Wewe ndio baba Milembe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Woiye. Sasa ndio unapiga?"

Nikamwomba aniambie yote.

Akaniambia. Yeye naye ni mfanyakazi wa ndani, nyumba ya jirani. Milembe alimjia mlango wa jikoni, mkono mmoja umefungwa kitambaa, jicho halifunguki.

"Nikamwambia, ongea na babako, niko na salio. Akakataa. Akasema akisikia sauti yako atalia, na mwenye nyumba atasikia. Akasema, acha nibipu mara mbili, baba ataelewa, hajawahi kukosa."

"Halafu?"

"Halafu akangoja. Alikaa chini kwa sakafu na hiyo simu, kama saa nzima. Kila dakika anaiangalia. Nikamwambia labda babako hana simu karibu. Akasema, baba yangu kazi yake ni simu."

"Mama, yuko wapi sasa?"

"Kesho yake tulijaribu tena. Ikawa haiingii. Tukajaribu, tukajaribu. Basi wakamtoa hapo. Nyumba imefungwa, wenyewe walihama. Mimi sijui ni wapi. Hata ningejua..."

Salio likaisha.

Nilipiga tena siku zilizofuata. Haikupatikana, na haijapatikana tena.

Nikaenda Bariadi kumkaba Sadick, kama tulivyokubaliana. Kale kachumba sasa ni saluni ya kiume. Kijana ameshika mashine ya kunyolea, ananiuliza, "Mzee, tunapunguza au tunatoa zote?" Namba ya Sadick haipatikani. Kwao hakuna anayepajua.

Nikazunguka ofisi. Ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakanirudisha ya kwanza. Mpaka nikampata bwana mmoja mwenye subira, akafungua daftari.

"Mkataba wake uko wapi?"

"Anao Sadick."

"Jina la mwajiri?"

"Analijua Sadick."

"Mji gani?"

"Omani," nikasema. Akafunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Tutakupigia, mzee."

Klementina sikumwambia.

Nipige mawe ukitaka. Nilirudi nyumbani siku ile nimekauka, na kabla sijafungua mdomo simu ikalia mlio mmoja. Akatoka jikoni mbio. "Amebipu?"

Nikamtazama uso.

"Amebipu," nikasema.

Akaenda kwenye kalenda.

Nikaishi hivyo wiki tano. Mimi, mwenye fulana ya kupinga matapeli, nikawa nawangojea matapeli wabipu ili mke wangu ale chakula.

Halafu nikafanya ujinga wa mwisho. Siku ya zile simu kumi na moja, Goodness alikuwa ameniomba kwa ujumbe nimkusanyie namba zote zilizowabipu wateja. Niliziandika, nikamtumia. Hasira ilinisukuma. Sikufikiria mbele.

Mwezi wa kumi na moja akanitumia ujumbe: "Mzee Masunga, habari njema! Namba mlizoripoti zimefungwa, na nyingine zinaendelea kufungwa. Asante kwa kulinda wananchi wa Simiyu."

Nkololo ikatulia. Simu hazikubipu tena. Mahona alikuja kunipa mkono. "Umetukomboa, nkoi wangu, rafiki wa kweli."

Wiki ya kwanza kalenda haikupata kijiti. Ya pili pia.

"Labda hajapata simu ya kuazima," Klementina akasema.

Wiki ya tatu aliacha kusema kitu.

Wiki ya nne nilimkuta ameketi chini ya ile kalenda, amejifunika kitenge kichwani. Wanawake wawili wa jirani wako naye.

"Mwanangu amekufa," akasema. "Mtoto aliyekuwa anabipu kila wiki hawezi kunyamaza mwezi mzima. Andaa matanga, baba Milembe."

Nikawaomba wale wanawake watupishe. Nikakaa sakafuni.

"Mama Milembe, kimya hiki si cha Milembe."

"Ni cha nani?"

"Ni cha wezi. Na ile milio ilikuwa ya wezi. Yote."

Nikamwambia kila kitu. Mashine. Kisiwa. Simu ya Nyanjige. Nilipofika kwa yule mama wa Kenya nilitaka kuruka mengine, nikashindwa. Nikamwambia na kitambaa, na jicho, na sakafu.

Hakulia. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Alisimama, akaenda kwenye kalenda, akaanza kurudisha kurasa. Wa kumi na moja. Wa kumi. Wa tisa. Wa nane. Akaweka kidole tarehe kumi na sita.

Kulikuwa na kijiti kimoja, cha asubuhi. Na pembeni yake vijiti viwili, vimekolezwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka.

Alikuwa ameviandika. Siku ile ile, baada ya mimi kumnyamazisha.

"Mimi nilimsikia," akasema.

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kuhusu jambo hili. Siku ya pili alienda kwao Mwandoya. Kalenda aliondoka nayo.

Wewe unayesoma, kama una mtu nje, sikiliza mtu aliyeishia darasa la nne. Usipange naye alama ya mlio. Mlio hauna mwenyewe, hata mashine inaupiga. Pangeni neno, moja tu, la kwenu, alitamke kwa mdomo wake hata kama atalia. Zijue tarakimu za nchi aliyopo. Na ukiulizwa mbele ya watu kama unajua, na hujui, sema sijui.

Fulana bado ninayo, nafutia vumbi kwenye ubao. Ile karatasi sijaibandua, maana inasema kweli.

Kwenye simu yangu sijazuia namba yoyote tena. Haizimwi, haiwekwi mezani, silali bila kuiangalia kama imejaa.

Haijalia.